Kabla ya Kufunga Kiti cha Mtoto Garini, Pima Kiti cha Mbele

Kiti kilikuwa kizuri, cha kijivu, na harufu ya dukani ilikuwa bado haijakitoka. Nilikifunga nyuma ya kiti cha abiria wa mbele jioni ya kuamkia safari, nikakitikisa, nikaridhika. Asubuhi nilipoingia garini, magoti yangu yakagonga dashibodi. Mimi ni mrefu, gari letu ni dogo, na siku hiyo mke wangu ndiye aliyekuwa akiendesha. Nikafanya jambo ambalo naamini wazazi wengi katika kaunti hii wamewahi kulifanya: nilirudi nyuma, nikakisimamisha kiti cha mtoto kikawa wima zaidi, kiti changu kikapata pa kurudi, tukatoka Kilifi mjini kwenda Kaloleni kumpeleka mtoto wa wiki tano akaonwe na nyanya yake.

Tulikuwa tumekata kona ya Mavueni na tunaelekea Chonyi wakati dada yangu, aliyeketi nyuma karibu na mtoto, aliposema kwa sauti ya chini, "Kaka, hebu simamisheni gari. Mtoto anakoroma, na huku si kukoroma kwa usingizi." Kichwa kilikuwa kimeanguka mbele, kidevu kimegandana na kifua. Alimfungua mikanda, akamwinua, na mtoto akavuta pumzi ndefu, kisha akaanza kulia. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama siku ile.

Somo la toleo hili linahusu sentimita chache tu, zile zilizo kati ya kiti cha mbele na kiti cha mtoto kinachotazama nyuma. Mzazi anaponunua kiti huuliza bei, huuliza kinabeba mtoto wa kilo ngapi, na pengine huchagua rangi. Ni wachache wanaouliza kama kitaenea ndani ya gari lao pamoja na watu wanaolipanda gari hilo kila siku.

Kwanza, kwa nini mtoto atazame nyuma? Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wa mwili wake, na mifupa ya shingo yake bado haijakomaa. Gari likigonga kitu kwa mbele, mkanda hushika kiwiliwili lakini kichwa huendelea kwenda. Shingo ya mtu mzima huvumilia mengi, ya mtoto haivumilii. Mtoto anapotazama nyuma, kichwa, shingo na mgongo hupokelewa kwa pamoja na gamba la kiti, na nguvu ya mgongano hutawanyika mgongoni kote. Wazo hili si geni. Mwaka 1964 kiti cha majaribio cha aina hii kilijaribiwa ndani ya gari la Volvo. Mbunifu wake, Mswidi Bertil Aldman, alipata wazo hilo kwa kuona jinsi wanaanga wa Marekani walivyolazwa chali wakati chombo kinaporushwa, ili mgongo ndio ubebe mzigo.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema viti vya usalama vya watoto vinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga garini kwa hadi asilimia 71. Wapo wanaoamini kwamba mtoto yuko salama zaidi akipakatwa na mama yake. Hesabu inakataa. Gari lililo kwenye kilomita 50 kwa saa, kasi inayoruhusiwa mijini humu nchini, likisimamishwa na ukuta kwa muda wa sehemu moja ya ishirini ya sekunde, mtoto wa kilo 9 huvutika kwenda mbele kama mzigo wa kilo 250 hivi. Hakuna mikono inayoushika mzigo huo, hata iwe mikono ya mama.

Na mtoto hatazami nyuma kwa miezi miwili mitatu tu. Kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 129, ambayo viti vingi vya kisasa kutoka Ulaya hutengenezwa kwa kuifuata, inataka mtoto atazame nyuma hadi apite miezi 15. Madaktari wa watoto nchini Marekani, kupitia chama chao, wanashauri aendelee kutazama nyuma hadi afikie uzito au urefu wa juu kabisa unaokubaliwa na kiti chake. Hivyo tatizo la nafasi utaishi nalo mwaka mzima na zaidi, na huku mtoto anarefuka.

Nafasi ya ndani ya gari dogo ni kama leso fupi: ukiivuta upande mmoja, mwingine unabaki wazi. Kiti kinachotazama nyuma hukaa kikiwa kimelala, hivyo huchukua urefu mwingi kutoka kwenye kiegemeo cha nyuma kuja mbele. Kikisogea mbele, aliyekaa mbele husukumwa karibu na usukani au dashibodi. Yeye akirudi nyuma, kiti cha mtoto husimama wima au hubanwa. Mtu mmoja lazima aachie nafasi. Mara nyingi anayeachia ni yule asiyeweza kulalamika.

Hapo ndipo nilipokosea. Mtoto mchanga anahitaji kiti kilicholala kwa nyuzi kama 45. Kikiwa wima zaidi ya hapo, kichwa kizito kisichoshikiliwa na shingo huanguka mbele, na njia ya hewa, ambayo kwa mtoto wa umri ule ni laini na nyembamba, hujikunja kama mrija wa soda. Anaweza kukosa hewa bila kupiga kelele yoyote. Na kwa kuwa anatazama nyuma, aliye mbele haoni uso wake. Kama dada yangu asingekuwa garini, nisingejua.

Viti vingi vina mstari uliochorwa ubavuni unaopaswa kulala sambamba na ardhi, au kipovu ndani ya maji kama kwenye pima maji ya mwashi. Tumia alama hiyo, usikisie kwa macho. Itazame gari likiwa limesimama mahali tambarare. Nyua zetu nyingi zina mteremko, na alama itakudanganya. Uwanja wa kituo cha mafuta hufaa. Mtoto akishakomaa shingo na kuweza kushikilia kichwa chake vizuri, viti vingi huruhusu kisimamishwe kiasi, wakati mwingine hadi nyuzi 30, na hapo utapata sentimita kadhaa za ziada mbele. Kitabu cha kiti chako kitasema ni lini. Usiitangulie siku hiyo kwa sababu ya magoti ya mtu.

Dereva naye ana kipimo chake. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani hushauri kuwe na angalau sentimita 25 kati ya kidari cha dereva na katikati ya usukani. Sababu ni mfuko wa hewa, ule ambao mafundi wetu huuita eabegi, uliofichwa ndani ya usukani na hufunguka kwa kishindo kikubwa. Abiria wa mbele pia ana mfuko wake ndani ya dashibodi, na mtu ambaye magoti yake yamegusa dashibodi yuko mahali pabaya hata kama gari halina mtoto. Kwa hiyo kumsukuma mtu mzima mbele kabisa ili kiti cha mtoto kienee ni kuhamisha hatari tu.

Sasa tuje kwenye swali ambalo wazazi huuliza sana: kiti cha mtoto kikiguse kiti cha mbele, au kisikiguse? Nilipoanza kuulizia niliwauliza watu watatu, wakanijibu kwa uhakika kabisa, na majibu yakawa matatu. Baadaye nilielewa kwamba wote wangeweza kuwa sahihi, kila mmoja kwa kiti chake. Wako watengenezaji wanaoruhusu viti viwili vigusane. Wako wanaokataza, wakitaka pengo la sentimita mbili au tatu. Na viko viti vingine, hasa vile vikubwa vya mtindo wa Uswidi, ambavyo huenda vikatakiwa viegemee kabisa kiegemeo cha kiti cha mbele, kwa sababu hapo ndipo vinapopata msaada gari linapogonga.

Kila upande una hoja yake. Pengo dogo linaweza kuacha kiti cha mtoto kipate mwendo kabla ya kugonga mgongo wa kiti cha mbele. Kwa upande mwingine, baadhi ya magari yana vihisi ndani ya kiti cha abiria wa mbele vinavyopima uzito wa aliyeketi ili kuamua kama mfuko wa hewa ufunguke au la, na kiti hicho kikisukumwa kutoka nyuma vipimo hivyo vinaweza kupotoka. Jibu basi limo kwenye vitabu viwili: cha kiti na cha gari. Kimoja kikiruhusu kugusana na kingine kikakataza, fuata kinachokataza. Kama kiti kinalazimu kuegemea na gari linakataza, kiti hicho si cha gari hilo.

Najua utasema kitabu cha gari hukipewa. Magari yetu mengi yametumika Japani kabla ya kushushwa bandarini Mombasa, na kitabu, kama kimo kwenye droo ya dashibodi, kimeandikwa Kijapani. Kipige picha ukurasa wenye michoro ya viti vya watoto, kisha uupitishe kwenye programu ya kutafsiri ya simu. Kiswahili kitakachotoka kitakuchekesha, lakini mchoro wenye alama ya X hauhitaji mkalimani. Kitabu cha kiti chenyewe hupatikana kwa urahisi zaidi: andika kwenye intaneti jina la mtengenezaji na nambari ya modeli iliyo kwenye kibandiko chini au nyuma ya kiti.

Jambo moja halina mjadala. Isipokuwa kitabu kimeagiza hivyo, usirudishe kiti cha mbele kwa nguvu ili kikibane kiti cha mtoto kisitikisike. Nimeona gari ambalo kiti cha mtoto kilikuwa imara kama mwamba, na mwenyewe akajivunia. Tuliposogeza kiti cha mbele, cha mtoto kikalegea chote. Mkanda haukuwa umeshika chochote.

Ndiyo maana mpangilio wa kazi ni muhimu. Anza na dereva. Aketi kama anavyoendesha, akanyage breki hadi mwisho huku goti likibaki limekunjika kidogo, apimwe sentimita zake 25 kwa futi ya fundi cherehani, na kiti chake kisiguswe tena. Kisha sogeza kiti cha abiria mbele kabisa ili upate mahali pa kufanyia kazi. Funga kiti cha mtoto peke yake, bila msaada wa kiti cha mbele. Kandamiza kwa goti au kwa mkono ndani ya kiti huku ukiuvuta mkanda, kwa sababu godoro la kiti cha gari hunywea na kuuacha mkanda ukiwa mlegevu. Tazama alama ya ulalo. Shika kiti pale mkanda unapopita, ukivute kulia na kushoto, mbele na nyuma. Kisisogee zaidi ya sentimita mbili na nusu. Sehemu ya juu, upande wa kichwa cha mtoto, inaweza kucheza kidogo, na hiyo si kasoro.

Hapo ndipo unarudisha kiti cha mbele, polepole, hadi mpaka ule ambao vitabu vimeruhusu. Mwambie yule anayekaa hapo kwa kawaida aingie aketi. Asiwe mtoto wa jirani aliyepita njia, awe ni yeye mwenyewe na urefu wake. Magoti yakiwa huru na mgongo umeegemea, umemaliza. Sisi tulibandika kipande cha utepe wa rangi kando ya reli ya kiti, ili hata anayeazima gari ajue mwisho wa kurudi ni wapi.

Ipo tabia moja ya safari ndefu ambayo utepe hauizuii. Gari likishapita Mariakani kuelekea Nairobi, abiria wa mbele hukilaza kiti chake apate usingizi. Kiegemeo hicho huja moja kwa moja juu ya kiti cha mtoto, humsukuma na kubadilisha ulalo wake. Anayetaka kulala alale ameketi.

Na kiti kikae upande gani? Humu nchini tunaendesha kushoto, kwa hiyo mlango wa nyuma wa kushoto ndio unaofunguka kando ya barabara, mbali na magari yanayopita. Hiyo ni sababu ya kutosha ya kumweka mtoto nyuma ya abiria. Tena kiti cha abiria kinaweza kusogea mbele kiasi bila kuharibu uendeshaji, lakini cha dereva hakiwezi. Katikati ya kiti cha nyuma panavutia pia, kwa sababu sehemu ya mbele ya kiti cha mtoto huweza kuingia kati ya viti viwili vya mbele na tatizo la nafasi likapungua. Lakini chunguza mkanda wa pale. Magari mengi ya zamani yana mkanda wa kiunoni tu katikati, na viti vingi vya watoto vinataka mkanda wa kiunoni na begani. Vile vyuma vya kufungia vinavyoitwa ISOFIX navyo kwa kawaida viko pembeni mbili tu. Vitafute kwa vidole pale kiegemeo kinapokutana na kikalio. Magari mapya ya Japani yalianza kulazimishwa kuwa navyo mwaka 2012, kwa hiyo huenda lako linavyo na hujawahi kuvitumia.

Sisi nyumbani tulikaribia kumhamishia mtoto nyuma ya dereva, kwa kuwa mke wangu ni mfupi na kiti chake hukaa mbele. Ingefaa kama angekuwa dereva siku zote. Lakini tunapokezana, na siku ambayo ningeshika usukani mimi tatizo lingerudi, tena kwa mtu anayepaswa kuwa huru kukanyaga breki. Suluhisho lilipatikana siku ileile kando ya barabara ya Kaloleni. Dada yangu, ambaye hafiki begani kwangu, alihamia mbele. Mimi nikaingia nyuma kando ya mtoto, kiti kikalazwa inavyotakiwa. Hadi leo, mke wangu akiendesha na tukiwa na mtoto, mahali pangu ni nyuma. Watu hunitania kwamba nimefanywa abiria katika gari langu mwenyewe.

Kuna wanaokata shauri jingine: nyuma hapatoshi, basi kiti cha mtoto kihamie mbele. Hapana. Kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Gamba la kiti, pale kilipo kichwa cha mtoto, hukaa karibu kabisa na dashibodi, na mfuko ukifunguka utalipiga gamba hilo kabla hujapepesa jicho. Kunja kizuia jua cha upande wa abiria utazame: mara nyingi kuna kibandiko chenye picha ya kiti cha mtoto kilichokatwa kwa mstari mwekundu. Hakikuwekwa kwa mapambo.

Ukiwa bado hujanunua, una nafasi nzuri kuliko niliyokuwa nayo. Nenda dukani na gari, na kama inawezekana nenda na yule mtu mrefu wa nyumbani. Omba kukijaribu kiti kwenye maegesho kabla ya kulipa. Viti viwili vya bei moja vinaweza kutofautiana urefu kwa sentimita nyingi vikishalazwa. Vile vidogo vya kubebea watoto wachanga, vyenye mkono wa kushikia, mara nyingi ni vifupi kuliko vile vikubwa vinavyogeuzwa mtoto akikua. Kama unanunua cha mtumba, tafuta kibandiko chenye herufi E ndani ya duara au cha viwango vya Marekani, tafuta tarehe ya mwisho wa matumizi, na ukikosa vyote viwili kiache. Kiti kilichokuwa ndani ya gari lililogonga hakiuzwi kikiwa na tangazo.

Mtoto mwenyewe afungwe akiwa na nguo nyepesi. Mikanda ya mabegani itokee usawa wa mabega au chini yake kidogo, na ikazwe hadi usiweze kuifinya ikajikunja kwa vidole. Leso na shali zifunikwe juu baada ya kumfunga, si kabla. Mtoto aliyevingirishwa leso mbili huonekana amebanwa vizuri, kumbe kilichobanwa ni nguo.

Wakazi wengi hawana gari, na humkodi jirani au teksi siku ya kutoka hospitalini au ya kwenda kliniki. Kile kiti kidogo chenye mkono wa kushikia kwa kawaida hufungwa kwa mkanda wa gari bila kitako chake, kwa hiyo kinaweza kwenda nawe katika gari lolote lenye mikanda mizima. Mpigie dereva simu mapema umwambie una kiti cha mtoto na utahitaji dakika kumi kabla ya kuondoka. Akifika, mwombe asogeze kiti cha abiria mbele, na usikubali akupakilie mtu mwingine wa kukaa hapo.